Tupa Moja kwa Kwaya Nzima

Lazaro Nyongesa alikuwa na mikono ya mtu wa kubeba mawe, na ndiyo kazi aliyoifanya kwanza alipofika Nairobi kutoka Bungoma. Siku moja ngazi ya mjengo ilivunjika kule Riruta Satellite akiwa juu yake, na tangu hapo mgongo wake ukakataa mawe. Mwingine angerudi nyumbani kupanda mahindi. Yeye alinunua kisanduku cha mbao, chupa za rangi, karai la bluu na tupa ya chuma, akaanza kuwapaka wanawake rangi ya kucha.

Ukimwona ameinama mbele ya mama fulani, kidole cha mteja kimepotea ndani ya kiganja chake, ungedhani anamnyang'anya pete. Lakini katika mitaa ya Nairobi, kutoka Gatina hadi Lindi, hakuna aliyepaka kama yeye. Rangi yake haikugusa ngozi. Vijana wa bodaboda pale Gatina walimwita Sister, naye aliitika bila kinyongo. "Niaje, Sister," walimwambia, naye akajibu, "Poa. Mama yako anakusalimia, nimetoka kwake sasa hivi," na mara nyingi ilikuwa kweli.

Ametutoka mwaka huu, kabla ya mvua kubwa kuanza, na chumba chake cha Gatina bado kinanuka dawa ya kutolea rangi. Mungu alimpa siku zake na Mungu amezifunga, nasi hatuna la kumwuliza. Msibani watu walitaka kusema mambo mazito juu yake, lakini kila aliyesimama alijikuta akisimulia habari ya kucha, na watu wakacheka huku wakifuta machozi. Basi na isimuliwe vizuri, mwanzo hadi mwisho.

Lazaro na mke wake, Mildred Nabwire, walisali Lindi, katika Kanisa la Roho la Horebu. Kwa kuwa Musa alivuliwa viatu kwenye mlima huo, hakuna mtu anayeingia humo na kiatu, awe mgonjwa, mgeni au chifu. Viatu hubaki mlangoni, na kazi ya Lazaro siku ya Jumapili ilikuwa kuvilinda. Hakuwahi kumpa mtu kiatu kisicho chake. Sura za watu aliweza kuzisahau, lakini mguu akishauona, ameuona.

Sasa, katika kanisa ambalo kila mtu yuko peku, mguu huwa ni kama uso wa pili. Kanuni za Horebu zilikataza wigi, hereni na rangi ya midomo. Juu ya kucha za miguu hazikusema lolote, na akina mama, kwa busara yao, hawakuuliza. Aliyelitolea neno jambo hilo ni Mama Sella, kiongozi wa akina mama, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watoto watatu mitaa tofauti kwa wakati mmoja. Aliamua kwamba kwaya nzima itapaka rangi moja tu, nyekundu iliyokolea kama mshipi wa joho lao. "Ni ukumbusho wa damu ya Mwokozi," alisema. Mchungaji Phanuel, ambaye humpisha Mama Sella kama tuktuk inavyopisha lori, alisema amina.

Ndivyo Lazaro alivyopata wateja wa kudumu. Kila Jumamosi akina mama wa kwaya walikaa kwenye benchi uani kwa Mama Sella, miguu imenyooshwa, na Lazaro akaanza upande mmoja na kumalizia mwingine. Karai moja la maji ya uvuguvugu. Kikata kucha kimoja. Na ile tupa. Akimaliza mguu mmoja huipangusa tupa kwenye paja la suruali, anapuliza unga wa kucha, anasogea kwa mwingine.

Tupa hiyo ilikuwa fahari yake. Siku alipoanza kazi aliipeleka madhabahuni kama wengine wanavyopeleka cherehani au funguo za pikipiki, na Mchungaji Phanuel akaipaka mafuta na kuiombea kwa nguvu. Aliomba iende nyumba kwa nyumba, mguu kwa mguu, wala isirudi mikono mitupu. Tangu siku hiyo Lazaro hakuiosha na chochote chenye nguvu, asije akaondoa yale mafuta.

Mambo yalienda hivyo hadi mwaka ambao Askofu mwenyewe, mzee wa makamo ya babu, alitangaza kwamba atakuja kutoka nyumbani, kule mashambani, kuosha miguu ya waumini Alhamisi Kuu. Mchungaji Phanuel alitoa tangazo akiangalia dari. Askofu ni mtu wa zamani, alisema. Hapendi rangi. Akina mama wajiandae.

Jumamosi iliyofuata Lazaro akaja na chupa kubwa ya dawa ya kutolea rangi. Alianza na Mama Sella, kama heshima inavyodai. Alisugua kidole gumba cha mguu wa kulia, pamba ikawa nyekundu, akasugua tena, halafu akaacha kusugua.

Chini ya rangi kucha ilikuwa ya manjano, nene kama kipande cha muhogo mkavu, na pembeni ilikuwa inamomonyoka.

"Ni rangi imebaki," Lazaro alisema.

"Rangi yangu ni nyekundu, Lazaro. Hiyo ni nyekundu?"

"Pengine imechacha."

"Rangi haichachi. Toa ya mguu mwingine."

Mguu mwingine ulikuwa vilevile. Mama Sella akaufunika kwa pindo la sketi na kumwambia aendelee na jirani, na macho yake yakasema kwamba mdomo ukifunguliwa juu ya jambo hili, hautafungika salama. Lakini jirani naye alikuwa na manjano. Na wa tatu. Wa nne alisema anaumwa na kichwa, akainuka kwenda nyumbani, akakamatwa na wenzake na kukalishwa. Ikajulikana hapo kwamba kila mmoja alikuwa ameliona tatizo muda mrefu, katikati ya kupaka na kupaka, na kila mmoja alidhani ni lake peke yake. Ndiyo maana walikuwa wanawahi sana Jumamosi.

"Mimi nilikuwa natia Jik, ile ya kung'arisha nguo," mmoja alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi mafuta ya taa."

"Mimi maji ya betri."

Wote wakamgeukia wa maji ya betri. "Kidogo tu," alijitetea.

Ugonjwa unaompata mtu mmoja ni ugonjwa. Ukiwapata wote kwenye benchi moja, watu wanatafuta mkono wa mtu, na mkono ulitafutwa hapohapo. Wote walikuwa wamesafiri na basi la kukodi kwenda Siaya kumzika mume wa Celine Aluoch, mwenzao wa kwaya anayekaanga samaki kando ya barabara pale Lindi. Wote walilala kwake. Wote walivuka mlango wake wakiwa peku.

"Na yeye Celine yuko wapi?" mmoja aliuliza.

Celine hakuwepo kwenye benchi. Tangu msiba hakuwa amepaka rangi. Lakini Jumapili iliyofuata walimwangalia miguu aliposimama kuimba. Kucha zake zilikuwa safi, nyeupe kwa waridi, kama za mtoto mchanga.

"Mmeona?" Mama Sella alinong'ona, na mnong'ono wake ulifika kwa wapiga ngoma. "Sisi wote tumeoza na yeye mwenyewe ni mzima. Kitu kiliwekwa mlangoni."

Wiki hiyo samaki wa Celine walibaki kwenye karai. Kanisani alikaa mwisho wa kiti, na nafasi kati yake na mwenzake ingetosha watu wawili. Mchungaji Phanuel aliwapaka kwaya mafuta ya zeituni kwenye vidole na kuwaambia wavae soksi usiku na mchana ili mafuta yaingie. Kucha zikawa laini, zikaanza kutoa harufu.

Lazaro alishika lindo lake la viatu na kunyamaza. Alimhurumia Celine kweli. Lakini pia, na hapa tuseme ukweli, alishukuru kwamba watu wanatazama Siaya. Kulikuwa na wazo dogo lililomjia kila alipoinua ile tupa, naye alilifukuza kwa kujikumbusha kwamba tupa ni ya Bwana.

Wazo hilo lilikataa kufukuzwa jioni moja Gatina, Nabwire alipoketi kitandani na kuvua soksi.

"Baba Brandon, njoo uone."

Alikuja. Aliona. Manjano, nene, pembeni inamomonyoka.

"Hiyo umetoa Siaya," alisema haraka.

"Mimi Siaya nilienda lini? Nilibaki hapa nikimuuguza Brandon tetekuwanga. Huo mlango wa Celine siujui hata rangi."

Lazaro akakaa chini.

"Nani ananikata kucha?" Nabwire aliuliza, bila ukali, kama mtu anayemuuliza mtoto nani amemaliza sukari. "Kila Jumamosi, ukitoka kwa Mama Sella. Nani?"

"Tupa imeombewa, Mama Brandon."

"Imeombewa, sawa. Imeoshwa?"

Asubuhi alimpeleka kwenye kituo cha afya, au niseme Nabwire ndiye aliyempeleka yeye. Waliingia kwa kijana mmoja mwembamba aitwaye Chris, ambaye wagonjwa wote humwita daktari naye ameacha kuwasahihisha. Chris alichukua mguu wa Nabwire, akauinua kwenye mwanga, akakata kipande kidogo cha kucha na kukipeleka maabara.

"Umejaribu nini hadi sasa, mama?"

"Kitunguu saumu. Na mafuta ya kanisa."

"Afadhali. Jana nilikuwa na mtu wa maji ya betri."

Lazaro na Nabwire wakatazamana na kutomtaja mtu.

Majibu yalipotoka, Chris akawaeleza polepole. Ni fangasi, alisema, ukungu, ndugu wa ule unaoota kwenye mkate ukiufunga kwenye mfuko. Unapenda joto, unyevu na giza, kwa hiyo soksi usiku na mchana juu ya mafuta ni sawa na kuupikia chai. Haufi kwa rangi wala hautoki kwa Jik. Kwa kucha iliyoharibika hivyo, kuna vidonge vya kumeza kwa miezi kadhaa, lakini kwanza damu ipimwe kuona kama ini linavivumilia. Kuna pia dawa ya kupaka, kwa ambao wameanza kidogo. Na kuna uvumilivu, kwa sababu kucha iliyooza haigeuki kuwa nzima. Inasukumwa nje na mpya inayoota kutoka kwenye shina, na ya kidole gumba huchukua mwaka au zaidi.

"Mwaka?" Lazaro alisema.

"Kucha ya mguu haina haraka, mzee. Miguu mikavu, katikati ya vidole pia. Soksi safi. Viatu vipate jua. Malapa ya kuogea. Na kila mtu kikata kucha chake." Akamgeukia Nabwire. "Nani anakukata?"

 Nabwire alimtazama tu mume wake, na Chris akamtazama pia, kisha akaitazama mikono yake.

"Mnipe hiyo tupa niione," alisema.

Lazaro aliitoa kwenye mfuko wa koti, maana alienda nayo kila mahali. Chris aliigonga juu ya karatasi nyeupe. Unga wa manjano ulimwagika kama kwenye kinu. "Hii mifereji midogo inashika unga wa kila mguu," alisema. "Unampa mwenzake. Unaitumia kwa wangapi?"

"Kwaya," Lazaro alisema. "Sauti zote."

Chris alikaza midomo asicheke, kwa kuwa alikuwa na adabu. Lakini swali lake lililofuata halikuwa la kucheka. Kuna yeyote mwenye kisukari? Kwa mtu wa kisukari, kucha nene inaweza kukata ngozi, kidonda kidogo kikaingia uchafu, na hajui kwa sababu miguu yake haisikii vizuri. Huyo asingoje. Aje mapema.

Mama Sella alikuwa na kisukari. Kila mtu Horebu alijua, kwa sababu hutangaza mwenyewe akikataa soda.

Njiani kurudi Lazaro alipiga hesabu. Akisema, kazi imekwisha. Hakuna mwanamke Lindi wala Gatina atakayempa tena kidole. Na hakuwa akijiumiza yeye peke yake, Mchungaji naye ataaibika na yale maombi. Akikaa kimya, Celine ataendelea kula samaki wake mwenyewe, na Mama Sella ataendelea na soksi.

"Utasema?" Nabwire aliuliza walipofika mlangoni.

"Nitasema."

"Lini?"

"Baada ya Pasaka. Mambo yakitulia."

Nabwire aliingia ndani akamwacha nje.

Alhamisi Kuu kanisa lilijaa. Askofu alikuwa mzee mdogo, mkavu, mwenye joho lililoburuta sakafuni na kicheko kizuri. Akina mama waliketi kwenye safu ya mbele, wamevua soksi kwa shingo upande, vidole wamevikunja ndani kama kuku anayelala. Celine alikuwa mwisho wa safu na ile nafasi yake ya watu wawili. Lazaro alikuwa mlangoni na viatu.

Wakaletewa vyombo. Karai moja. Taulo moja.

Lazaro aliona karai na akaona kila kitu kabla hakijatokea. Askofu alipiga magoti mbele ya Mama Sella, akauosha mguu wake kwa upole, akaufuta kwa taulo, katikati ya vidole pia, kwa uangalifu mkubwa. Akasogea kwa wa pili. Maji yaleyale, taulo lilelile. Kwaya iliyobaki nyuma ilikuwa inaimba kwa huzuni inayofaa. Wa tatu. Wa nne. Taulo lilikuwa limelowa. Mwisho wa safu Celine aliinua pindo la joho na kuweka mbele miguu yake safi, akiwa amefumba macho, maana katika siku hizo zote huyo ndiye mtu wa kwanza aliyekuwa anakuja kumgusa.

Askofu alipofika kwake na kutumbukiza mkono kwenye karai, Lazaro alisikia sauti ikisema "Ngoja," na ikamchukua muda kujua kwamba ni yake.

Nyimbo zikakatika. Mlinzi wa viatu alikuwa anakuja katikati ya kanisa, mkubwa kama mlango, kiatu cha mtu bado mkononi.

"Baba Askofu, usimwoshe huyo."

Kukawa na mvumo. Mama Sella akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu alidhani Roho amemfunulia Lazaro jambo la Siaya.

"Kwa nini, mwanangu?" Askofu aliuliza, bado kwenye magoti. "Ana dhambi gani?"

"Hana. Ndiye pekee mzima hapa. Nisameheni. Bwana asifiwe."

"Amina," kanisa likasema, kwa mazoea.

"Nina ushuhuda." Alitoa tupa kwenye mfuko wa koti. "Hakuna kitu kiliwekwa mlango wa mtu. Hizi kucha ni fangasi, na mimi ndiye niliyewapelekea. Nimepima na mke wangu. Nilikata huyu nikakata yule, na tupa hii, karai moja, bila kuosha. Celine hakupata kwa sababu ana msiba, hakupaka rangi, tupa haikumgusa. Ni hivyo tu. Na sasa hilo taulo ni tupa nyingine."

Askofu alilitazama taulo mkononi mwake. Aliliweka chini taratibu, mbali kidogo na joho.

"Lakini hiyo tupa niliiombea," Mchungaji Phanuel alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekanyagwa.

"Uliomba iende nyumba kwa nyumba, Mchungaji," Lazaro alisema. "Ikaenda."

Mtu fulani kwenye safu za wanaume alicheka kwa pua na kujifanya anakohoa. Kikohozi kikaambukiza. Ndipo Mama Sella aliposimama, na wote wakanyamaza.

"Lazaro."

"Mama."

"Nimetia kitunguu kwenye hii miguu. Nimevaa soksi kwenye jua la mchana kama mzungu. Nimemnyima huyu mtoto salamu." Alimwonyesha Celine bila kumtazama. "Kwa sababu ya kipande chako cha chuma."

"Ndiyo, Mama. Na Mama, daktari alisema mwenye sukari asingoje. Nilikuwa naogopa kukwambia. Kesho usije kanisani kwanza, nenda kituo."

Hilo Mama Sella hakulitarajia.  Alitembea hadi mwisho wa safu akajaa katika ile nafasi ya watu wawili, na hapakubaki nafasi. "Sogea," alimwambia Celine, ingawa hapakuwa na pa kusogea. Halafu, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ndogo, "Samaki watabaki leo?"

"Wako," Celine alisema. Alikuwa analia.

"Niwekee wakubwa."

Askofu alifikiri kidogo, akaagiza jagi la maji safi. Alimwosha Celine kwa kumimina juu ya miguu, maji yakaenda sakafuni, naye Celine akajifuta kwa leso yake mwenyewe. Walioshwa wote upya hivyo, kila mtu na leso yake au pindo la joho lake, na sakafu ya Horebu ikawa tope ambalo wanaume walideki hadi jioni.

Ibada ilipokwisha Askofu alimwita Lazaro pembeni, nyuma ya ngoma. Alitazama huku na huku, akainua pindo la joho kiasi cha kiganja, akatoa kidole gumba kilichokuwa na kucha kama pembe ya beberu.

"Hii ni miaka ya magambuti, viatu vya mpira vya shamba la miwa," alinong'ona. "Hicho kituo kiko upande gani?"

Lazaro alimwelekeza.

Jumamosi iliyofuata alienda Lindi kwa sababu hakujua pa kwenda kwingine. Kisanduku kilikuwa chepesi, tupa ameitupa chooni na karai amempa Nabwire la kuogeshea mbwa, ingawa hawana mbwa. Uani kwa Mama Sella benchi lilikuwa tupu. Aliketi mwisho wake. Jumamosi nyingine pia benchi lilikuwa tupu, na nyingine. Vijana wa bodaboda Gatina walimuuliza, "Sister, siku hizi hauna wateja?" naye akasema ameenda likizo. Alirudi kwenye mjengo siku moja kujaribu mawe, akarudi nyumbani amebebwa na fundi mwenzake, na Nabwire akamkanda mgongo akiimba wimbo wa kwaya kwa makusudi.

Nabwire ndiye aliyemwekea mbele dawa za kucha alizopewa kituoni na kumkumbusha kwamba hakuna mwingine nyumbani mwenye kazi ya kucha. Kwa hiyo Lazaro alimkata yeye. Kikata kucha chake Nabwire, kipya, kimechemshwa kwenye sufuria ambayo haipikiwi tena. Alimkata kila Jumamosi, alimkausha katikati ya vidole, alianika viatu vyake vya kanisa juu ya paa la mabati. Na kwenye shina la kile kidole gumba, mbali na manjano yote, kulitokea mstari mwembamba wa waridi. Lazaro aliutazama kama mtu anayetazama mahindi yaliyochelewa kuota.

Nabwire akaenda kanisani peku na mstari wake wa waridi. Hakusema neno kwa mtu. Aliimba akiwa amesogeza mguu mmoja mbele zaidi ya kawaida.

Jumamosi iliyofuata Lazaro alipofika uani, Mama Sella alikuwa kwenye benchi. Shingoni alikuwa amening'iniza kikata kucha kwa uzi wa sufu, na tupa ya karatasi ya kutupwa imechomekwa kwenye kilemba. Ameshapimwa damu, alisema, ini limekubali, sukari inaangaliwa, na huyo kijana Chris ni mtoto mzuri ila ale zaidi. Nyuma yake akina mama wengine walikuwa wanafika, kila mmoja na chake. Mmoja alikuwa amefunga cha kwake kwenye pete ya funguo. Celine naye alikuwa kwenye foleni, amekuja kwa mara ya kwanza tangu msiba, na amekaa katikati.

"Umechemsha mikono?" Mama Sella aliuliza.

"Nimeosha na sabuni, Mama."

"Rangi hakuna. Mpaka iote yote nione kwa macho yangu."

"Hakuna rangi. Itachukua mwaka, Mama. Ama zaidi."

"Nilikuuliza muda?" Aliuweka mguu mkubwa kwenye goti lake, akajiegemeza ukutani na kufumba macho. "Kata. Na ukikata uniambie imefika wapi. Usinidanganye."

Lazaro akauinamia mguu na kuutazama kwa makini, kama alivyofanya kila Jumamosi baada ya hapo, na akamwambia ukweli, kwamba bado ni kidogo sana.